Enyi Mnaopita Upande wa Pili

Waama hakuna dhuluma idumuyo duniani ila kwa idhini ya kimya cha majirani, na kimya hicho ndicho kinikeracho hapa kwetu Lambwe, ambako watu wema wanaosali kila Jumapili, wakasomewa habari ya kuhani na Mlawi waliompita majeruhi upande wa pili wa njia, hutoka ibadani nao wakapita upande uo huo.

Jirani zetu ni Wasuba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta zaidi ya laki moja na nusu, na majimbo mawili ya uchaguzi, Suba Kaskazini na Suba Kusini, yanaitwa kwa jina lao. Lakini jina limesalia kwenye kura, na lugha yao, Olusuba, yaelekea kaburini. Nenda sokoni Mbita ukamtege sikio bibi mzee auzaye omena: gorogoro huzihesabu kwa Olusuba, chini kwa chini, kisha bei huitangaza kwa Dholuo, lugha ya Waluo, na mjukuu aliyeketi ubavuni pake haambulii hata neno katika zile hesabu. Shuleni nako, katika madarasa ya chini, mtoto huyo hufundishwa kwa lugha iliyoenea mahali, nayo ni Dholuo. Kisha sisi, bila haya, twawakejeli Wasuba kwamba mwacha asili ni mtumwa, kana kwamba waliketi kitako wakashauriana kuiacha!

Katiba ya 2010, kifungu cha 56, yaiamrisha serikali iweke mipango ya kuwawezesha wachache kukuza utamaduni na lugha zao. Nani miongoni mwetu ameuliza mipango hiyo i wapi? Hata korongo, wale swala wa Ruma, ambao hawasalii kwingine nchini, walitengewa sehemu ya bonde hili tangu 1966, na 1983 ikatangazwa mbuga ya taifa, yenye kilomita za mraba 120 na askari wa kuilinda. Sina kinyongo na korongo, Mungu awaongeze. Ila ulimi wa binadamu haukupata hata mlinzi mmoja.

Mtanijibu kwamba hayo ni ya Wasuba wenyewe. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tazameni kwingine: Masingasinga wa Delhi waliuawa mchana kweupe mwaka 1984, baada ya kifo cha Waziri Mkuu Indira Gandhi, na mwanasiasa Sajjan Kumar hakutiwa hatiani na Mahakama Kuu ya mji huo ila Desemba 2018, miaka 34 baadaye, wajane wakiwa wamekwisha kuzeeka katika kudai haki. Jirani zetu wa Uganda je? Mwaka 1972 Rais Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke, wengi walishangilia, na baadaye upanga huohuo ukawageukia wao. Na hapa nchini Waogiek wa msitu wa Mau, walioshinda kesi katika Mahakama ya Afrika kule Arusha Mei 2017, ikaamuriwa walipwe fidia Juni 2022, walibomolewa nyumba tena Novemba 2023, nasi tukafunua ukurasa wa kandanda.

Nayasema haya kwa kuwa nawajua. Watu wa ziwa hili ni wakarimu; mgeni hapiti mlangoni pasi na kukaribishwa samaki, na mkiamua jambo hakuna awazuiaye. Lakini hamasa yenu yote mmeipa disko matanga! Serikali imekataza, wazazi wamelia, na bado maiti akilala ndani, vijana hucheza uani mpaka alfajiri kwa vipaza sauti vya kukodi. Chifu aitishapo baraza mchana, hao wote hawaonekani. Huketi wazee watatu na mbwa wa mwenye boma. Aibu iliyoje!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Basi mkutano wa bajeti ya Kaunti ya Homa Bay utakapotangazwa tena, njooni. Nanyi msio Wasuba tangulieni, mketi mbele, na muwe wa kwanza kuuliza fedha za vitabu na walimu wa Olusuba ni ngapi, wala msitoke mpaka jibu liandikwe.