Imani Isiyofumba Macho

Hivi karibuni alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani. Ana miaka mitatu tangu ahitimu, kazi hajapata, na mwaka huu amemzika mama yake. Kanisani ameambiwa kwamba imani yake ni haba, kwani laiti angeamini vya kutosha, hayo yasingemfika. Akaniuliza: "Mwalimu, nifanyeje nisimwache Mungu?"

Swali lake si la mtu mmoja. Yako mahubiri siku hizi yanayoifanya imani kuwa kinga dhidi ya taabu, na mwenye taabu kuwa mkosaji. Mafundisho hayo humtwisha aliyeelemewa mzigo wa pili. Tena hayana mizizi katika Maandiko. Ayubu alilalamika, Habakuki alimhoji Mungu kuhusu dhuluma, na Zaburi nyingi ni vilio vya watu waliobanwa. Yesu mwenyewe, pale Gethsemane, hakuficha uchungu wake. Kulia mbele za Mungu si kukosa imani. Ni kuendelea kuzungumza naye.

Nilimsimulia kijana yule habari za Janani Luwum, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda tangu mwaka 1974. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake hawakujifungia ndani kuomba tu. Waliomba, kisha wakamwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu uliokuwa ukifanywa na vyombo vya dola. Tarehe 16 mwezi huohuo waliitwa Kampala. Wenzake wakaruhusiwa kuondoka, yeye akabakizwa. Serikali ikatangaza kwamba amefariki katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Mwili wake, uliozikwa kijijini kwao Mucwini, ulikuwa na majeraha ya risasi.

Je, tuseme imani ya Luwum ilikuwa haba kwa kuwa hakuokolewa? Hakuna Mkristo mwenye akili timamu atakayethubutu. Waumini walikusanyika Namirembe kumwombea ijapokuwa mwili wake hawakupewa. Naye Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia uhamishoni, alichapisha mwaka uleule kitabu kuhusu upendo na msamaha kwa Amin. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Katika kisa hiki naona mambo matatu yanayoitunza imani wakati wa dhiki. La kwanza ni ushirika: maaskofu wale walisimama pamoja, na waumini wakaomboleza pamoja. Aliyeumia asijitenge, nasi tusimwache ajitenge. La pili ni kusema kweli, hata kweli ichungu. Imani inayodumishwa kwa kunyamazia uovu hunyauka polepole bila mwenyewe kujua. La tatu ni kukataa chuki, maana mtesi akifaulu kukufanya ufanane naye, amekwisha kushinda.

Nawakumbusha watumishi wa umma wanaosoma safu hii: Oryema na Oboth Ofumbi walikuwa watumishi wa serikali kama ninyi. Jaribu la imani yenu huenda lisiwe bunduki, bali sahihi mnayotakiwa kuiweka kwenye waraka mnaojua ni wa uongo. Nanyi wanaharakati, haki mnayoidai isiwafundishe kuchukia.

Kijana yule hakuondoka na kazi mkononi, wala sikumwahidi muujiza. Nilimwomba arudi kanisani, safari hii atafute wawili watatu watakaolia naye pasipo kumhukumu. Kisha nikatambua kwamba sikupaswa kumtuma tu. Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja.