Kabla ya kuongeza wati, tutulize televizio ya jirani



Jioni moja ya mpira, vijana watatu walikuja kwenye chumba cha radio yetu hapa Kibati. Walikuwa wamelipa kuingia kwa jirani anayeonyesha mechi, na picha ilikuwa imejaa mistari. Mmoja akasema: "Papa, radio yenu njo inatuharibia mupira. Muzime." Tukamujibu vile tunajibuka kila siku: televizio yenu ni ya zamani. Kesho yake asubuhi tulikuta kabo ya antena imekatwa.

Walifanya vibaya kukata kabo. Emeteri ikiwashwa bila antena inaweza kuungua. Lakini juu ya ile mistari walikuwa na haki, na sisi tulikataa kuwasikiliza. Kwa hiyo ninasema wazi: pesa tunayotaka kununulia emeteri ya wati nyingi itumike kwanza kusafisha ile tuliyo nayo.

Radio za FM zinarusha kati ya 88 na 108 MHz. Emeteri ndogo ya bei rahisi hairushi masafa yake tu. Inatoa pia mwangwi kwenye mara mbili yake. Ukirusha kwenye 98, mwangwi unatokea kwenye 196, na kati ya 174 na 230 njo kuna chaneli nyingi za televizio. Hapo kosa ni letu, hata kama televizio ya jirani ni mupya. Karatasi ya masafa inatupa masafa yetu tu, haituruhusu kuingia kwa wengine.

Lakini mara nyingine kosa liko kwa televizio. Inakaa karibu sana na antena yetu, ama mashine yake ya kuongeza nguvu ya antena inalemewa. Tutajuaje? Tupatane saa na majirani, tuzime emeteri dakika tano, tuwashe tena, huku watu wanatazama nyumba kwa nyumba. Mistari ikibaki wakati tumezima, si sisi. Ikitoweka, na nyumba nyingi zinasumbuliwa kwenye chaneli ileile, dawa iko kwetu. Ikiwa ni nyumba moja tu, chaneli zote, dawa iko kwa ile nyumba.

Kwetu, dawa ya kwanza ni filta kati ya emeteri na antena. Inafanya kazi kama chujio la unga: inapitisha masafa yetu, inazuia ya juu. Dukani muulize "filtre passe-bas" ya FM, inayobeba wati za emeteri yetu. Tukaze pia viungo vyote vya kabo, tuondoe kutu. Hata mabati yenye kutu karibu na antena yanaweza kuleta fujo.

Kwa jirani, kipande cha kabo ya televizio kinasaidia. Kiungwe pale kabo ya antena inaingia kwenye televizio, waya wa kati kwa wa kati, wa nje kwa wa nje, na mwisho wa pili uachwe wazi bila waya kugusana. Kwa radio ya 98, anza na sentimita 70, ukate sentimita moja moja mpaka picha itulie. Kabo nyingi zitafika kati ya 50 na 65. Lakini kipande hiki hakiondoi ule mwangwi wa 196. Ule unazuiwa kwenye emeteri tu.

Najua wengine watasema: tunataka kusikika mpaka Kibumba, ili mama wa kabichi na karoti ajue bei ya Goma kabla ya kupakia mzigo. Mimi pia nataka. Lakini kufikisha nguvu ileile mara mbili mbali zaidi, unahitaji wati mara nne. Kuinua antena juu kunasaidia FM zaidi kuliko wati, na kunaiondoa karibu na televizio za watu.

Tukumbuke usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika na lava ikakata barabara ya kwenda Rutshuru. Usiku kama ule, radio ya karibu inaweza kuwaambia watu wakimbilie upande gani. Lakini jirani ambaye tumemuharibia televizio mwaka mzima hatafungua radio yetu siku hiyo. Na kama kabo imekatwa tena, hakuna atakayetusikia.

Kwa mkutano mkuu ujao ninaomba mambo matatu: filta inunuliwe kabla ya kitu kingine, saa ya kupima itangazwe kwa majirani wote, na kuwe daftari mlangoni pa radio la kuandika malalamiko. Wale vijana watatu waitwe siku ya kupima, watazame picha pamoja nasi.