Haki Si Samani: Vitabu vya Kiswahili katika Mauzo ya London

Nyumba ya uchapishaji inapouzwa London, wanaouziana hutaja bei, idadi ya wafanyakazi watakaopunguzwa na jina litakalobaki mlangoni. Vitabu vya Kiswahili vilivyomo katika orodha yake havitajwi. Huhamishwa pamoja na meza na makabati, na mmiliki mpya huenda asijue kamwe kwamba amenunua pia kazi za fasihi ambazo hawezi kuzisoma.

Mwendo wa Thomas Nelson and Sons unatosha kuwa mfano. Kampuni hiyo iliasisiwa Edinburgh mwaka 1798, ikapanuka hadi London, na mwaka 1951 ikachapisha Kusadikika ya Shaaban Robert. Mwaka 1962, mwaka ule ule alipofariki mwandishi huyo, ilichukuliwa na shirika la Thomson, lililojulikana zaidi kwa magazeti. Mwaka 2000 iliunganishwa na Stanley Thornes, ikaitwa Nelson Thornes. Na mwaka 2013 Nelson Thornes nayo ikanunuliwa na Oxford University Press. Macmillan, iliyotoa Adili na Nduguze mwaka 1952, iliangukia mikononi mwa Holtzbrinck ya Ujerumani katika miaka ya 1990. Longman, iliyoanza mwaka 1724, ilikuwa ya Pearson tangu mwaka 1968.

Heinemann ndiyo iliyosafiri safari ya ajabu kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 1890. Mwaka 1961 ilikuwa mali ya Thomas Tilling, kampuni iliyopata jina kwa mabasi. Mwaka 1983 Tilling ikamezwa na BTR, ambayo jina lake lilitokana na matairi na mpira. Ikafuata Octopus mwaka 1985, kisha Reed mwaka 1987, na mwaka 2007 tawi la elimu likaishia kwa Pearson, karibu na Longman aliyekuwa mshindani wake wa miaka mingi.

Wasomi wengi wa fasihi ya Afrika wameiombolezea Heinemann, na hasa African Writers Series, mfululizo ulioanza mwaka 1962 na ambao Chinua Achebe alikuwa mhariri wake wa kwanza. Maombolezo hayo yana haki yake, lakini yamewapotosha wanafunzi wa Kiswahili. Mfululizo ule ulikuwa wa Kiingereza. Kuufanya kifo chake kuwa msiba mkuu wa uchapishaji wa Kiafrika ni kukubali kwamba kitabu cha Mwafrika huanza kuishi pale tu kinaposomeka London. Msiba wa Kiswahili ulikuwa wa kimya. Haukuwa na mfululizo mashuhuri wa kufunga wala karamu ya kuuaga.

Yapo majibu mawili yanayotolewa kila suala hili linapozuka. La kwanza husema kwamba biashara ni biashara. La pili husema kwamba dawa ni kuwa na wachapishaji wa nyumbani. Jibu la pili ni zuri zaidi, ila halitoshi. East African Literature Bureau, iliyotoa Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla mwaka 1960 na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, ilikuwa ya nyumbani, na ilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. East African Publishing House, iliyozaliwa Nairobi mwaka 1965, nayo ilianguka. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966 kwa ubia na Macmillan hiyo hiyo ya London. Anwani ya Dar es Salaam au Nairobi peke yake haijawahi kukiokoa kitabu.

Kinachokiokoa ni mtu anayejua nani ana haki gani, na anayeifuatilia. Henry Chakava aliitoa Heinemann ya Kenya mikononi mwa wageni, na mwaka 1992 ikawa East African Educational Publishers. Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, nayo ikamrudishia Shaaban Robert wasomaji kwa kumchapisha upya Dar es Salaam.

Sheria nayo ina mlango ambao watu wa Kiswahili wameupita mara nyingi bila kuusukuma. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911 iliweka kanuni kwamba mwandishi aliyehamisha haki zake akiwa hai, uhamisho huo ulikoma miaka 25 baada ya kifo chake, na haki zikarejea kwa wawakilishi wa mirathi yake. Nchini Uingereza kanuni hiyo inagusa mikataba iliyofungwa kabla ya Juni 1957. Kwa mwandishi aliyefariki mwaka 1962, miaka hiyo ilitimia mwaka 1987. Solomon Linda wa Afrika Kusini, mtunzi wa wimbo Mbube uliorekodiwa mwaka 1939, alifariki mwaka huo huo wa 1962. Warithi wake waliitumia kanuni hii dhidi ya Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 wakapata suluhu yenye malipo. Wimbo umepata mawakili. Riwaya na tenzi za Kiswahili za enzi ile zinastahili vivyo hivyo.

Kazi hiyo haihitaji mamilioni. Kumbukumbu za Nelson zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Za Longman na Heinemann Educational zipo Reading, chini ya saa moja kwa treni kutoka London. Mtafiti wa Tanga huhitaji viza ili azifikie. Mswahili anayeishi London huhitaji tiketi. Idara zinazofundisha Kiswahili Ulaya zina wajibu wa kuorodhesha mikataba ya vitabu vya Kiswahili iliyomo humo, kutuma nakala Dar es Salaam na Nairobi, na kuwajulisha warithi. Wachapishaji wa leo nao wadaiwe tamko la wazi kwa kila kitabu: ama wana haki nacho na watakichapisha, ama wakiachilie.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari za mali hii hazijapotea. Zimo makabatini, zina namba za rafu, na chumba cha kusomea kiko wazi.