Kwani Askari wa Pili Hana Mama?

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wasomaji wapenzi, watunzi wa michezo ya sayansi kwenye runinga wameichukua methali hiyo wakaifanya kanuni ya kazi.

Chukueni Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 ikafika vipindi 79. Ni habari za chombo cha angani chenye watu 430. Nahodha Kirk anateremka kwenye sayari ngeni pamoja na Spock, daktari McCoy, na kijana mmoja wa ulinzi ambaye hatujapata kumwona. Sasa wewe mtazamaji unajua, bila kuambiwa, ni nani hatarudi. Vijana hao walivaa mashati mekundu, na walikufa wengi mpaka leo mtu yeyote anayeletwa hadithini ili afe tu huitwa shati jekundu.

Ajabu ni kwamba mwenye jina la kwetu naye alivaa nyekundu. Luteni Uhura alipewa jina kutokana na neno letu uhuru, kwa sababu Nichelle Nichols alipokwenda kuomba kazi ile alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Yeye hakufa. Katika kipindi kile cha kwanza kuonyeshwa kuna dude linalofyonza chumvi kutoka miilini mwa watu. (Ng'ombe wetu nao hupenda chumvi, lakini angalau hawaui mtu.) Dude likajigeuza mwanamume, likamsemesha Uhura kwa Kiswahili! Almanusura amalizwe, wenzake wakatokea. Muda si muda baharia aitwaye Barnhart akakutwa sakafuni, maiti. Mnamjua Barnhart? Hata mimi simjui, na kipindi nimekitazama mara tatu.

Miongoni mwa waliouawa chomboni na kule sayarini ni Darnell, Green, Sturgeon na huyo Barnhart. Mwanzoni Kirk alimkemea daktari, akasema amepoteza mtu wake na anataka kujua kilichomuua. Hapo nilimpenda sana. Lakini mwishoni, dude limeshauawa, Kirk ameketi kimya, Spock anamwuliza kuna nini. Ati anawaza nyati! Yaani nyati wa Marekani ambao wawindaji walikaribia kuwamaliza, maana dude lile lilikuwa la mwisho wa kizazi chake. Mimi sina ubaya na nyati, sisi wa Ndabibi tunawajua. Lakini Darnell je?

Rafiki yangu wa kidato cha nne hupinga. "Wewe, hadithi ni dakika hamsini. Kila maiti akifanyiwa matanga, itaisha saa ngapi?" Swali zuri, na jibu limo humo humo Star Trek. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 wanakufa vijana wanne tena, na mmoja ni Mallory. Kirk anasema kwamba baba yake Mallory ndiye aliyemsaidia kuingia chuoni. Basi, maneno machache tu! Tangu siku hiyo namfikiria mzee yule, ambaye hatuonyeshwi hata kivuli chake, akipelekewa habari.

Tusiwacheke Wazungu peke yao. Fungueni michezo ya chama chetu: Askari wa Kwanza, Askari wa Pili, Mwanakijiji wa Tatu. Mwaka jana Askari wa Pili nilikuwa mimi. Nilichomwa mkuki, nikaanguka, mfalme akaniruka akaendelea kueleza mapenzi yake. Watu walicheka kweli kweli. Jioni mama, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akaniuliza, "Na wewe, nani alikuzika?"

Wapo watakaosema huu ni mchezo tu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kwa siku kadhaa tulikuwa na hesabu tu. Wakenya wa kawaida ndio waliokataa, wakasema hao si namba, wakaanza kutoa majina na picha, huyu mmoja na huyu mmoja, tena wakakesha kwa mishumaa pale Uhuru Park. Watu hao waliona jambo ambalo sisi jukwaani bado hatulioni.

Mchezo wa mwaka huu umeshaanza kuandikwa. Nimesikia walinzi watatu wa ikulu watakufa katika onyesho la pili. Mwalimu mlezi, kwa heshima zote, naomba wapewe majina, na mmoja wao awe na deni dukani au barua mfukoni ambayo hajaifungua. Kama nafasi haipo, basi mfalme apunguziwe shairi lake. Lina beti 12.