Tope la Msimbazi Lipimwe Kabla ya Kuguswa

Hapa Zuzu, ambako makorongo hukauka sehemu kubwa ya mwaka, mtu anayechota maji katika kisima cha mchangani hujifunza mapema kwamba akiingiza kata kwa pupa ataondoka na tope. Somo hilo tunataka kuwakumbusha leo wakuu wa Serikali walioko hapa Dodoma, pamoja na ndugu zetu wa Visiwani ambao riziki yao ni bahari.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hukatiza jiji la Dar es Salaam na viwanda vyake, na kumwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mafuriko yaliyolikumba jiji hilo Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la mto huo, na miongoni mwa kazi zilizokusudiwa ni kuchimba na kupanua mkondo wake. Kazi hiyo hatuipingi. Hakuna mwenye huruma na wakazi wa mabondeni atakayeipinga.

Hata hivyo, tope la mto uliopokea maji machafu ya viwanda kwa miaka mingi si udongo mtupu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza kuwa mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi zilikutwa na risasi, kadimiamu, shaba na zinki.

Madini hayo, yakiwa chini ya tope lisilopata hewa, hushikamana na salfa na kutulia. Mtambo unapolivuruga tope, hewa iliyomo katika maji huifikia salfa hiyo, nayo huachilia madini. Risasi kwa kawaida hunaswa tena upesi na chembe za kutu ya chuma. Kadimiamu na zinki huweza kubaki zimeyeyuka, na maji ya chumvi ya mlangoni mwa mto huisaidia kadimiamu isirudi kwenye tope. Vumbi laini la tope nalo huchukuliwa na mkondo hadi kwa chaza na samaki. Tope likianikwa nchi kavu, huweza kuchachuka, na mvua ya kwanza ikateremsha sumu visimani.

Kwa hiyo kuchimba peke yake si kusafisha. Huenda ikawa ni kuihamisha sumu kutoka mahali ilipolala na kuipeleka mahali inapoliwa.

Wajapani walipoondoa tope lenye zebaki katika Ghuba ya Minamata, kazi hiyo ilianza mwaka 1977 na kumalizika mwaka 1990. Maji yalipimwa wakati wote wa kazi, na tope likafukiwa nyuma ya kuta imara, mahali palipokuja kuwa nchi kavu ya hekta 58. Hawakufanya pupa.

Nasi tunazo sheria: ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kwa Bara, na ile ya mwaka 2015 kwa Zanzibar. Tunawaomba wahusika wazitumie kwa vitendo. Tope lipimwe kila sehemu kabla ya kuchimbwa. Kazi ifanywe wakati wa kiangazi, mtambo ukizungushiwa mapazia ya kuzuia tope. Lililo na sumu lizikwe katika mashimo yasiyovuja, wala lisigawiwe watu kwa bustani au matofali. Maji na samaki wapimwe kabla, wakati na baada ya kazi, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na wavuvi.

Ndugu zetu wa Visiwani nao wadai hayo hayo kila bandari zao zinapochimbwa, kwani bahari haina ukuta. Gharama ya kupima hulipwa mara moja. Gharama ya kutopima hulipwa na watoto.