SIKU YA KUPALILIA TUKO WAPI?

Ndugu wafanyakazi,

Twataka kusema habari ya shamba la mboga la kujitolea hapa Silibwet. Siku ya kupanda, mvua za Machi zilipoanza, tulikuwa wengi hata majembe hayakutosha. Watu waliimba, chai ililetwa katika birika kubwa, na kila mmoja aliona kazi ni nyepesi. Sasa tumeingia mwezi wa Juni. Baridi imeanza, na magugu yamefika magotini. Waliokuja Jumamosi iliyopita walikuwa wachache, na wengi wao ni akina mama wale wale waliokuja Jumamosi ya kabla yake.

Hatusemi hivi ili kumwaibisha mtu. Sababu twaijua. Mvua ile ile inayoleta magugu ndiyo inayoleta majani ya chai. Chai ikichipua kwa wingi mchumaji hutoka nyumbani alfajiri, maana hulipwa kwa kilo, na jioni mgongo wamuuma. Kumwambia mtu huyo ashike jembe tena bila malipo ni neno zito.

Lakini magugu hayangojei mtu apumzike. Maharagwe yasiyopaliliwa kabla ya kutoa maua hayazai vizuri. Viazi visivyopandishiwa udongo huchomoza juu, hupigwa na jua na kuwa vya kijani, navyo havifai kuliwa. Mgagani, yaani isagek, na mnavu hukua upesi, lakini vikisongwa na magugu vikiwa vichanga hudumaa. Kazi yote ya Machi yaweza kupotea kwa majuma mawili ya Juni. Basi kupanda peke yake si kujitolea. Kujitolea hasa ni kurudi siku ambayo hakuna wimbo wala birika.

Wako watakaouliza: shamba dogo la mboga lina maana gani katika nchi ya chai? Jibu letu ni hili. Chai ni fedha, nasi hatuikatai. Lakini chai haishibishi watoto. Mkulima mdogo apelekaye majani yake kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA hupata malipo ya kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka. Kibarua anayemchumia hana bonasi hiyo. Asiye na ardhi hununua kila fungu la sukuma wiki sokoni. Akiugua siku tatu, kilo hazipo, na mboga hazipo. Shamba letu lilianzishwa kwa ajili ya mtu huyo, na mtu huyo aweza kuwa mimi au wewe juma lijalo.

Tena tusisahau mwaka 2011. Mwaka huo ugonjwa mpya wa kuua mahindi ulionekana mara ya kwanza katika Kenya, nao ulionekana hapa hapa Bomet, upande wa Longisa. Majani yaligeuka manjano, yakakauka, na mabunzi yakatoka bila punje. Aliyetegemea mahindi peke yake alibaki na mabua. Wataalamu walishauri watu wasipande mahindi juu ya mahindi, bali wabadili mazao: viazi, maharagwe, mboga. Shamba la pamoja lenye mazao mbalimbali ni ghala la watu wadogo.

Sasa tufanye nini? Twaona mambo matatu.

Kwanza, zamu ziandikwe. Mtu mmoja asiombwe siku nzima. Aombwe saa mbili tu, mara moja kila majuma mawili, kwa siku anayoichagua mwenyewe. Asiyeweza kushika jembe alete samadi, au atengeneze ua. Wazee wetu walijua jambo hili. Watu wa kokwet moja walisaidiana kulima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyefika alijulikana.

Pili, liwepo daftari, nalo lisomwe mkutanoni. Liandikwe nani amefanya kazi, mboga kiasi gani zimetoka, na zimekwenda wapi. Shaka huvunja kazi ya kujitolea kuliko uchovu. Mtu akisikia kwamba mafungu yameondoka usiku kwenda kwa rafiki za karani, hatarudi tena, nasi hatutakuwa na neno la kumwambia.

Tatu, mgao ujulikane kabla ya mavuno. Twapendekeza wagonjwa na waliofiwa wapewe kwanza, kisha waliopalilia, na kitakachobaki kiuzwe kwa ajili ya mbegu za msimu ujao.

Na hapa twawaambia wanaume wenzetu neno moja. Wako wanaosema palizi ni kazi ya wanawake. Wanaume hao hao huchuma chai kutwa, kazi ya vidole, bega kwa bega na wanawake, wala hawaoni haya, kwa kuwa ina mshahara. Basi haya yao haitokani na kazi. Yatokana na kukosa malipo. Na sufuria ikiwa na mboga, wao ndio wa kwanza kunawa mikono.

Liko jambo jingine ambalo chama hakiwezi kulinyamazia. Hapakosi watu wa kusema: "Wafanyakazi wana shamba la mboga sasa, mshahara wawatosha." Maneno hayo ni ya hatari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Na kifungu cha 43 chasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Haki hizo ni mbili, wala moja haikuwekwa ili kuifuta nyingine. Sukuma wiki tuliyoilima kwa jasho letu baada ya kazi si sehemu ya mshahara, wala isihesabiwe hivyo na mtu yeyote mezani pa mapatano.

Kinyume chake, shamba hili latupa nguvu ya kudai zaidi. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1908 iliyapa mabaraza ya mitaa wajibu wa kuwatafutia watu vipande vya ardhi vya kukodi walime mboga zao, na wafanyakazi wengi walinufaika. Hawakuacha vyama vyao kwa sababu walikuwa na viazi. Nasi twaweza kuwaomba waajiri, na serikali ya kaunti pia, watenge vipande karibu na makazi ya wafanyakazi. Lakini watakuja kutazama kwanza lile tulilo nalo. Wakikuta magugu, watasema: hawa walipewa wakashindwa.

Ndugu, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi si wageni katika shamba hili, na siku ya tatu imekwisha kupita. Kabla ya Jumamosi ijayo, mwone katibu wa tawi lako, andikisha jina lako na siku yako, kisha uje na jembe. Mistari ya maharagwe iliyo upande wa mto ndiyo iliyosongwa zaidi. Tuanzie huko.

Umoja ni nguvu.