Kupita Bila Kupingwa si Kuchaguliwa



Wazee wa Kitale na Bungoma hawajausahau mlolongo wa mwaka 1988. Mwananchi alipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wake, machoni pa chifu, na mgombea aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 akawa mbunge papo hapo bila kura ya siri. Mara nyingine mlolongo mfupi uliushinda mrefu. Aibu ile ni mojawapo ya sababu zilizotufanya tudai vyama vingi. Marehemu Masinde Muliro, ambaye Bungoma na Trans Nzoia zote humwita wao, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD mwaka 1991, na Desemba ya mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa.

Nayakumbusha haya kwa kuwa desturi tuliyoikataa nyumbani ingali inatumika kwa jina letu ugenini.

Baraza la Haki za Kibinadamu la Umoja wa Mataifa liliundwa mwaka 2006. Lina viti 47, na Afrika imetengewa 13. Azimio lililoliunda linataka kila mwanachama achaguliwe mmoja mmoja, kwa kura ya siri, na azingatie viwango vya juu kabisa vya haki. Hayo ni maneno mema. Lakini mataifa ya Afrika hukutana kwanza faraghani, yakakubaliana majina, na mara nyingi hupeleka New York majina yanayolingana na viti.

Tazama Burundi, jirani yetu mdogo. Ilikuwa mwanachama tangu 2016 hadi 2018. Mnamo Septemba 2016 Baraza hilohilo liliunda tume ya kuichunguza, nayo Burundi ikaifungia tume mlango. Mwaka 2019 ofisi ya haki za kibinadamu ya Umoja wa Mataifa mjini Bujumbura ikafungwa. Hata hivyo, Oktoba 2023 Burundi iligombea tena. Viti vya Afrika vilikuwa vinne na wagombea wanne. Burundi ikapata kura 168, ilhali mtaalamu aliyeteuliwa na Baraza kuiangalia nchi hiyo alikuwa bado hajaruhusiwa kukanyaga huko.

Tusiicheke Burundi. Oktoba 2024, miezi michache baada ya vijana wetu kupigwa risasi katika maandamano ya Juni, Kenya nayo iliingia: viti vitano, wagombea watano. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Wako wasemao kwamba makubaliano haya huwalinda wanyonge, kwamba bila ya zamu nchi ndogo haitapata kiti. Hoja hiyo ilijibiwa siku ileile. Asia na Pasifiki walikuwa na wagombea sita kwa viti vitano. Visiwa vya Marshall, nchi yenye watu wachache kuliko mji wa Kitale, ilipata kura 124. Saudi Arabia, pamoja na utajiri wake wote, ilipata 117 ikaanguka. Jina moja la ziada lilitosha kumpa mdogo nafasi na kumtaka mkubwa ajieleze.

Mkulima ataniuliza: Geneva yanihusu nini, nami natafuta bei ya mahindi? Na autazame Mlima Elgon, unaoonekana kutoka Kitale na Bungoma pia. Wanamgambo wa SLDF waliua na kukata watu masikio. Machi 2008 jeshi lilipanda huko katika Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kambini Kapkota, wakateswa, na wengine hawakuonekana tena. Kesi ilifikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2012 kitengo chake cha rufani kiliitupa kwa sababu ya kuchelewa kufunguliwa. Mahakama ilihesabu siku. Mama anayemngoja mwanawe hakuhesabiwa. Baraza lina kundi la kazi linalopokea malalamiko ya familia za waliotoweka. Je, mlango huo utalindwa na nani, ikiwa walinzi ni wale wanaolalamikiwa?

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, Afrika ipeleke majina mengi kuliko viti. Pili, serikali inayotaka kugombea isome ahadi zake mbele ya raia wake, katika baraza la wazi, Kapsokwony na Endebess, si New York pekee. Tatu, Kenya iliutia saini mkataba dhidi ya kutowesha watu mwaka 2007, kisha ikapitisha zaidi ya miaka 15 bila kuuridhia; mgombea wa haki aanze na deni hilo.

Muhula wa Kenya barazani unakwisha mwishoni mwa 2027, mwaka wa uchaguzi mkuu wetu. Atakayekuja kutuomba kura aulizwe: je, kiti cha Geneva mmekikalia kwa ajili ya nani?